Hapo Hapana Kitu

Katika maneno yote anayoweza kuyatamka binadamu, mimi naogopa zaidi haya: "Hapo hapana kitu." Ni mepesi mdomoni, na mara nyingi anayeyasema hata hajafika.

Tuanzie mbali kabisa. Jioni ya mwezi wa tano, hapa Dodoma, tembea mpaka taa za mji zibaki nyuma yako, kisha tazama kusini. Utauona Msalaba wa Kusini, na pembeni yake doa jeusi katikati ya ule mkanda wa Njia Nyeupe. Wazungu wameliita Gunia la Makaa. Madoa ya namna hiyo William Herschel, katika karne ya 18, aliyadhania mashimo: nyota zimekwisha, hapana kitu. Kumbe ni vumbi! Punje za mawe na kaboni, nyingi ndogo kuliko sehemu moja ya elfu ya milimita, zimetapakaa kati ya nyota. Ukilinganisha na gesi iliyochanganyika nalo, vumbi hilo uzito wake ni kama asilimia 1 tu. Hiyo moja, jamani, inatosha kuficha maelfu ya nyota.

Sikia sasa kisa kinachoninyima usingizi. Mwaka 1922 Mholanzi Jacobus Kapteyn, baada ya miaka mingi ya kuhesabu nyota, alitoa mchoro wa galaksi yetu, na Jua letu likawa karibu na kitovu. Kwa nini? Kwa sababu vumbi linafifisha nyota za mbali huku na huku. Aliyezungukwa na vumbi, popote aliposimama ataona ndiyo katikati ya dunia. Mwaka 1930 Robert Trumpler akathibitisha kwamba vumbi ndilo lililokuwa likila nuru. Jua liko kiasi cha miaka ya nuru 26,000 kutoka kitovuni. Sisi ni watu wa pembezoni, bwana.

Je, Kapteyn ana hatia? Mimi nasema hana. Alihesabu alichokiona, na nyota haiulizwi.

Lakini twende Kongwa, mashariki ya mji huu. Mwaka 1946 wataalamu wa Kiingereza waliipima nchi kwa majuma machache, sehemu kubwa wakiwa ndani ya ndege, wakaona pori linalongoja karanga. Kazi ikaanza 1947. Udongo ukakauka ukawa kama saruji, ukala majembe ya matrekta, mvua nayo ikawachezea. Mwaka 1951 mradi ukaachwa, na mamilioni ya pauni yamezama. Wagogo walikuwepo muda wote na ng'ombe wao, wakijua vizuri mvua ya Ugogo inavyodanganya, ila ujuzi wao haukuwa na uzito katika hesabu zile. Hapa ndipo ninapotenga kosa na dhambi. Nyota haiulizwi, lakini Mgogo anaulizika, tena angekukaribisha ukae kwanza.

Nayasema haya kwa sababu yetu sisi tunaoshika kalamu. Mwenzangu mmoja wa Dar, mwandishi mzuri tu, aliniuliza: "Dodoma utaandika nini wewe? Vumbi?" Serikali iliamua tangu 1973 kwamba makao makuu yawe hapa, lakini hadithi zetu bado hazijahama Kariakoo.

Mwezi Januari 2024 zilitolewa picha za galaksi 19 zenye mikono iliyojizungusha kama zetu, zilizopigwa na darubini ya James Webb. Darubini hiyo hupokea nuru ya joto, na vumbi likipata joto la nyota huitoa. Basi ile mistari iliyokuwa giza katika picha za zamani, humo inawaka kama makaa yaliyopulizwa. Kuna na mapovu meusi pia. Hayo, nyingi yake, ni mahali ambapo nyota changa zimelisukuma vumbi pembeni. Utupu upo basi, sikatai.

Nilipomweleza mwenzangu akacheka: "Na wewe ukienda ukakuta tupu kweli?" Nikamwambia nitaandika kwamba ni tupu, na nitataja nilisimama wapi, na nani nilimuuliza.