Mkaribishe Anayekupinga

Mwaka 399 kabla ya Kristo, gerezani Athens, mwanafalsafa Socrates, aliyehukumiwa kifo, alikuwa amebakiza saa chache tu anywe sumu. Akizungumza na rafiki zake juu ya roho, aliwaona vijana wawili, Simmias na Cebes, wakinong'onezana. Hakuwakemea. Aliwahimiza waseme wanachokitilia shaka, kisha akazipokea hoja zao kwa upole na heshima, ingawa zilipinga tumaini lake kwamba roho haifi. Plato, mwanafunzi wa Socrates, ndiye aliyetuandikia habari hiyo. Anayetafuta ukweli kwa dhati humhitaji anayempinga. Leo, kazini au nyumbani, ukimwona mtu anasita kusema, mkaribishe, msikilize hadi amalize, ndipo umjibu.