Toba ya Jikoni

Hapa Osiri Matanda, Nyatike, kaunti ya Migori, Kenya, mwaka unaisha watu wakiwa na vumbi la machimbo kwenye nywele. Wanaume wako shimoni. Akina mama wanaponda mawe, wanaosha udongo kwenye karai, kisha wanatia zebaki ili inase dhahabu. Kidonge kinachopatikana huchomwa mpaka zebaki ipae, na wapo wanaokichomea kwenye jiko lile lile la ugali, mtoto akiwa mgongoni. Mvuke huo hauonekani, lakini unaharibu ubongo na figo.

Wengi wanakuja kwangu kuombewa mwaka mpya. Nawaombea. Siku hizi naongeza swali: mama, zebaki unachomea wapi?

Wapo wanaosema hilo si neno la mchungaji. Mimi sikubali. Hata Arthur Carscallen na Peter Nyambo wa Malawi, wamisionari Waadventista waliofika Gendia hapa Kenya mwaka 1906, walihubiri na kufundisha watu kusoma pia.

Toba nayo haiishii kanisani. Kulia madhabahuni usiku wa tarehe 31 Desemba ni vizuri. Ila toba naiona zaidi kwa baba anayemwambia mkewe bei halisi aliyouzia dhahabu, kisha akalipa deni la dukani kabla ya kununua viatu vya Krismasi.

Na mama, kama leo lazima uchome, peleka moto mbali na nyumba, simama upande unakotoka upepo, na mtoto abaki kwa jirani.