Ubatizo Haumfutii Mtu Kabila Lake



Kanisa lilipokuwa changa, palizuka shauri zito. Watu wa mataifa walimsadiki Bwana Yesu, lakini baadhi ya Wakristo wa Kiyahudi walishikilia kwamba hawataokoka wasipotahiriwa kwanza. Mitume wakakutanika Yerusalemu. Petro akashuhudia kwamba Roho Mtakatifu amekwisha kuwashukia watu hao jinsi walivyo. Basi Mitume hawakuwatwika mzigo ule (Matendo ya Mitume, sura ya 15).

Wakubwa wa dunia hawakufuata mfano huo. Mwaka wa 1952 serikali ya Wabelgiji ilitoa sheria ya kumwandikisha Mkongo aliyehesabiwa kuwa amestaarabika. Wakaguzi waliingia nyumbani mwake, wakatazama jinsi anavyokula na anavyoishi na mkewe. Patrice Lumumba mwenyewe alikataliwa kwanza, akaandikishwa mwaka wa 1954. Waliofaulu walikuwa wachache mno, na hata hao hawakuwa sawa na Wazungu.

Twalaumu jambo hilo, na ni haki. Lakini tuinue macho kuelekea Kahuzi. Batwa walikaa katika msitu ule, wakiwinda na kurina asali. Mwaka wa 1970, nchi ikiwa imekwisha kupata uhuru, serikali iliufanya msitu huo Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, na mwaka wa 1975 ikaipanua. Batwa wakaondoshwa, wakaja kukaa kati ya wakulima, nao hawana ardhi ya kulima. Je, sisi tuliwapokeaje? Wengi wetu tuliwadharau, tukakataa kula nao, tukawataka waone haya kuwa Batwa. Kipimo tulichopimiwa jana, leo tunawapimia wengine.

Sheria ya nchi ya mwaka wa 2022 yalinda haki zao. Ni jambo jema. Lakini hakuna sheria iwezayo kumfanya mtu ampende jirani yake. Hiyo ni kazi ya neema moyoni.

Mkumbuke basi: ubatizo watudai tuache dhambi, yaani wizi, uchawi, uzinzi na kiburi. Hautudai tuache lugha ya mama zetu, wala jina la ukoo wetu. Siku ya Pentekoste kila mtu alisikia habari njema kwa lugha yake mwenyewe.

Kusudi la juma hili: Mtwa akija kwenye mafundisho, usimwachie nafasi ya nyuma peke yake. Keti naye, kisha mle chakula pamoja. Usipoweza kula naye leo kijijini, utakaribiaje pamoja naye kesho Meza ya Bwana?