Ufa na Dawa Yake

Katika maovu ambayo zama zetu zimeyazoea hata yakaacha kuitwa maovu, mojawapo ni kukitupa kitu kizima kwa sababu ya kiungo chake kimoja kilichokufa: bomba kwa ajili ya mpira wake, feni kwa ajili ya kapasita yake, kiti kwa ajili ya mguu mmoja, sufuria kwa ajili ya mpini. Wazee wetu waliliita tendo hili israfu, wakalihesabu miongoni mwa madhambi na si miongoni mwa hasara tu. Siku hizi elimu ya kuhifadhi mazingira hutujia kwa mikutano na mabango, nami siidharau; lakini nasadiki kwamba sehemu kubwa ya hifadhi iliyo katika uwezo wa mtu wa kawaida imo ndani ya nyumba yake mwenyewe, katika mkono ulio tayari kushika sindano, bisibisi au mwiko kabla kasoro ndogo haijawa msiba.

Bomba linalodondosha tone moja kwa kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa usiku na mchana, na kwa kuwa matone kama 20 hufanya mililita moja, maji safi ya lita nne na ushei huteremka kila siku bila ya kumnywesha mtu wala kuosha kikombe. Dawa yake ni kufunga maji ya nyumba, kulegeza kichwa cha bomba kwa spana, kukitoa kijimpira kilicholika na kutia kipya, ambacho thamani yake ni ndogo mno. Feni ya darini inayozunguka kwa uvivu, aghalabu kilichochoka ni kapasita, si mota. Ila mambo ya umeme yanataka adabu, na asiye na ujuzi na amwite mwenye ujuzi, wala asiguse waya kabla ya kuzima swichi kubwa.

Lakini nyumba yenyewe ndiyo madrasa kuu ya ukarabati, nami niliyekulia katika nyumba ya mawe ya Mji Mkongwe wa Unguja sijapata mwalimu aliyezishinda kuta zake. Ni kuta nene za mawe ya matumbawe ya kale, yaliyoshikanishwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na dari zake zimelazwa juu ya boriti za mikoko. Na kwa kuwa mkoko hautoi boriti ndefu kupita kiasi, vyumba vyetu vilikubali kuwa vyembamba, vikarefuka upande wa pili. Methali ya ufa na ukuta kila mtoto wa pwani anaijua, na haja ya kuikariri hapa haipo. Lililosahauliwa ni kuuliza ufa huo uzibwe kwa kitu gani.

Nyumbani kwetu, chini ya ngazi, ukuta ulianza kumeng'enyeka, akaitwa fundi aliyekuwa na sifa ya wepesi, naye akaupiga lipu ya saruji, laini na ngumu, iliyotufurahisha sote kwa kuitazama. Haikupita misimu mingi lipu ile ikavimba, ikaanguka mapande mapande, ikaondoka na ngozi ya jiwe lenyewe. Sababu yake, nilipokuja kuifahamu, ilikuwa wazi. Jiwe la matumbawe hunywa unyevu kutoka ardhini pamoja na chumvi iliyomo, na lipu ya chokaa, kwa wepesi wake, huuacha unyevu huo utoke nje pole pole. Saruji huufungia mlango. Maji yaliyokosa pa kutokea hupanda juu ndani ya ukuta, chumvi yake huganda na kusukuma, na siku yatakapofikia ncha za boriti zilizozama ukutani yataziozesha, ilhali mwenye nyumba, akitazama uso mzuri wa saruji, hudhani kwamba amestirika.

Aliyenifundisha njia iliyo sawa ni jirani yetu, mwashi wa chokaa tangu ujana wake. Nilipokuwa nimekwisha kuutengeneza udongo wangu na kunyanyua mwiko, alinishika mkono akasema, "Rowesha ukuta kwanza, mwanangu. Jiwe kavu litayanywa maji ya chokaa yako yote, na kesho utafagia vumbi." Nikamwitikia, "Haya, mzee wangu," nikaenda kuchota maji. Kisha alinionyesha kupaka tabaka nyembamba, kungoja, kupaka tena, na kuufunika ukuta kwa magunia mabichi jua lisije likaukausha kabla ya wakati wake.

Tangu siku hizo sichoki kuistaajabia chokaa. Mawe ya matumbawe hupangwa juu ya magogo katika tanuu, yakachomwa kwa moto unaokaribia nyuzi 900, na katika moto ule jiwe hutoa hewa ya ukaa iliyokuwa imefungwa ndani yake, likabaki chokaa mbichi. Hiyo huzimwa kwa maji, ikatokota na kufuka mvuke, ikalazwa shimoni chini ya maji kwa majuma au miezi. Ikisha kupakwa ukutani, huanza kuirudisha kutoka angani hewa ileile iliyoitoa motoni, kidogo kidogo kwa miaka, mpaka ikawa jiwe tena. Sisemi kwamba haina gharama: tanuu hula magogo, na magogo ni miti, na mawe ya matumbawe nayo huchimbwa. Lakini saruji, ambayo kwa hesabu za wataalamu hutoa kiasi cha asilimia 7 hadi 8 ya hewa ya ukaa ambayo wanadamu huimwaga angani, haina haki ya kuitwa ukarabati pale inapolazimisha ukuta uleule ukarabatiwe mara mbili.

Mji wetu uliandikwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2000, na jina hilo si kinga. Beit al Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, liliporomoka upande wake tarehe 25 Desemba 2020, hali likiwa katika matengenezo, na roho za watu wawili zikapotea.

Jambo linalonihuzunisha kupita mengine ni aibu tuliyoanza kuiona juu ya kiraka. Mama zetu walinunua kanga kwa ajili ya kutokea, ikachakaa ikawa ya nyumbani, ikawa mbeleko, ikawa nepi, ikamaliza umri wake kuwa tambara la kupangusia, na hapakuwa na mwanamke mwenye heshima aliyejificha kwa sababu hiyo. Mwaka 2009, huko Amsterdam, Martine Postma alifungua mkutano wa kwanza wa majirani kuketi pamoja na kutengeneza vyombo vyao vilivyoharibika, na leo mikutano ya namna hiyo ni maelfu duniani. Sisi tuliokuwa na mafundi vibarazani, wa viatu, wa redio, wa kutia sufuria vitako, tumejifunza kuwapita kana kwamba ni dalili ya ufukara. Huo ni upotevu mkubwa zaidi kuliko upotevu wa vyombo, kwa kuwa fundi akifa bila ya mwanafunzi hakuna duka linalouza maarifa yake.

Tena iko taksiri ya watengenezaji, nayo ni kubwa. Chombo kilichogandishwa kwa gundi badala ya skrubu kimekwisha kuhukumiwa jaa siku kilipotoka kiwandani. Mwaka 2024 Umoja wa Ulaya ulipitisha sheria ya kuwataka watengenezaji wa baadhi ya vyombo vya nyumbani na simu wavikarabati kwa bei ya haki hata baada ya muda wa dhamana kwisha. Serikali zetu zina wajibu wa kudai mfano wa hilo kwa bidhaa zinazoshuka bandarini petu. Na mnunuzi naye, kabla ya kutoa fedha, na akipindue chombo atazame kama kinafunguka, na auulize mji wake kama vipuri vyake vinapatikana.

Masika huanza Machi. Kabla hayajafika, msomaji wangu, panda darini ukatazame bati na makuti, zibua milizamu, gusa ncha za boriti kwa kidole ujue iliyolainika, na umwite mwanao, wa kiume na wa kike, ashike mwiko pamoja nawe. Na ukuta uliojengwa kwa chokaa, utengeneze kwa chokaa.