Kamera Yenye Kitako cha Bunduki

Paliondokea kundi la wapiga picha wa kujifurahisha huko Dayton, jimbo la Ohio, Marekani. Hakuna aliyekula kwa kamera. Mmoja alikuwa fundi mitambo mstaafu, mmoja mwalimu wa fizikia, mmoja dereva wa lori, na mmoja mama wa Kikongo, mzaliwa wa Bukavu, aliyefika Ohio kwa njia ya ukimbizi. Mama huyu alifanya kazi ya usiku katika nyumba ya kutunzia wazee, na asubuhi akitoka zamu alipitia mtoni kupiga picha za ndege. Walikutana kwenye simu tu. Kila mtu alileta picha yake ya siku, wakapongezana kwa maneno mawili matatu, wakaenda kulala.

Dayton ni mji unaostahili kundi la namna hiyo. Orville na Wilbur Wright walipiga picha kwa kujifurahisha wakati bado wanahangaika na mabawa ya ndege yao, na nyuma ya nyumba yao walikuwa na kibanda cha kusafishia picha. Ile picha maarufu ya ndege ikiinuka Kitty Hawk, Desemba 17, 1903, aliibonyeza John T. Daniels, mtu wa kituo cha uokoaji baharini ambaye hakuwa amewahi kutumia kamera. Orville aliitega, Daniels akabinya. Watu wa kundi walipenda kuisimulia habari hii kwa kila mgeni. Kwamba picha yenyewe ilipigwa na mtu asiyejua lolote kuhusu kamera, hilo hawakulikazia sana.

Siku moja fundi mstaafu akaleta picha ya kamera aliyoinunua kwa muuza vitu vya kale. Ilikuwa Fotosnaiper FS-3, iliyoanza kuundwa katika kiwanda cha Krasnogorsk, Urusi ya Kisovieti, mwaka 1965. Ni kamera ya Zenit yenye lenzi ya milimita 300, imefungwa juu ya kitako cha bunduki, na chini yake pana kifyatulio. Unaiegemeza begani, unafumba jicho moja, unavuta kifyatulio, picha inapigwa. Wala Wasovieti hawakuwa wa kwanza. Mwaka 1882 Mfaransa Étienne-Jules Marey alitengeneza bunduki ya picha iliyonasa picha 12 kwa sekunde, akawa anawalenga ndege wakiruka ili ajue mabawa yanakwendaje.

Dereva wa lori alifurahi kuliko wote, maana yeye ni mwindaji wa kulungu. Akawaeleza wenzake jinsi mwindaji anavyofyatua: vuta pumzi, itoe nusu, izuie, kisha vuta kidole polepole hata usijue ni lini hasa imetoka. Mwalimu wa fizikia akaongezea hesabu yake. Kwa lenzi ya milimita 300 inayoshikwa kwa mkono, picha isipigwe kwa muda mrefu kuliko sehemu moja ya 300 ya sekunde, vinginevyo mtetemo wa mkono utaonekana. Na kwa kuwa kamera ile haiendi kasi kuliko sehemu moja ya 500, nafasi iliyobaki ni finyu, hasa asubuhi ya mawingu. Kesho yake yule mama alijaribu pumzi za mwindaji kwa lenzi yake mwenyewe. Akaleta picha ya korongo aliyesimama kwenye maji, unyoya kwa unyoya. Ilikuwa picha yake ya kwanza kali namna ile.

Nalitaja hili kwa makusudi. Wanaosimulia jinsi kundi hili lilivyovunjika hupenda kusema kosa lilikuwa kuchanganya bunduki na kamera, kana kwamba maji yalikuwa safi hadi tone hilo lilipoingia. Mimi sikubaliani. Bunduki iliingia ikiwa na elimu mkononi, na mtu akafaidika.

Kilichowaharibu kilikuwepo kitambo. Kwenye mazungumzo ya lenzi, mwalimu wa fizikia alikuwa hashindwi. Ubishi wa lenzi una mwisho: unapiga picha ya ubao wenye mistari myembamba, unahesabu mistari inayosomeka katikati na pembeni, mwenye mistari mingi ameshinda. Yeye alikuwa na ubao, taa, na jedwali. Picha zake zilikuwa za ukuta wa matofali. Wenzake waliona fahari kuwa na mtu wa namna hiyo, wakaanza nao kununua ubao. Ndani ya miezi michache, picha ya korongo ilikuwa inaulizwa kwanza imepigwa kwa lenzi gani, ndipo itazamwe, kama itatazamwa.

Basi mtu aliyezoea kushinda kwa kipimo akihamia kwenye jambo lisilo na kipimo, hahamii mikono mitupu. Huhama na sauti ileile. Kutoka lenzi za Leica na Zeiss walikwenda kwenye darubini za bunduki, ambazo kampuni hizohizo huziunda. Kutoka darubini wakafika kwenye bunduki zenyewe. Na kutoka bunduki, mwaka huo wa 2017, wa kwanza wa urais wa Donald Trump, safari ya kufika kwenye siasa ilikuwa ya hatua moja. Kila mmoja alizungumzia sheria, wahamiaji na kura kwa uhakika uleule wa mtu mwenye jedwali. Fundi mstaafu, mpole wa miaka yote, alianza kuandika saa nane za usiku.

Hadi hapa nasimulia hadithi, na kundi ni la hadithi. Linalofuata lilitukia kweli.

Usiku wa Septemba 4, 2017, katika mji mdogo wa New Carlisle, mwendo mfupi kutoka Dayton, mpiga picha wa gazeti la hapo alitoka kwenda kupiga picha za radi. Njiani akamkuta askari wa ofisi ya sherifu amesimamisha gari la mtu. Akaegesha, akashuka, akaanza kutoa kamera na stendi yake ya miguu mitatu. Askari akadhani ni bunduki, akampiga risasi bila kumwonya. Kamera aliyovaa askari ilirekodi kila kitu, ikiwa ni pamoja na yeye kumkimbilia majeruhi na kumwomba radhi, akimwita kwa jina, kwa sababu walijuana. Mpiga picha alifanyiwa upasuaji, akapona. Siku zilezile za mwanzo alisema hadharani kwamba anamfahamu askari yule, anampenda, na asingetaka apoteze kazi kwa jambo hilo.

Turudi kundini. Habari ilipofika, ungedhani watu wenye stendi za miguu mitatu ndani ya magari yao wangeulizana: sisi tukitoka usiku tunafanyaje? Tuwashe taa kabla ya kutoa vifaa? Tupaze sauti? Mama wa Bukavu, ambaye alitembea na mfuko mrefu mweusi kando ya mto kabla ya jua kuchomoza, aliuliza hivyo hasa. Swali lake lilikaa juu ya kioo cha simu kwa dakika moja hivi, likafunikwa. Upande mmoja ulisema huu ndio ushahidi kwamba polisi wa Marekani ni wauaji. Upande wa pili ukasema mtu mwenye akili hatoi kitu kirefu gizani mbele ya askari. Mmoja akaileta Baghdad: Julai 12, 2007, helikopta ya jeshi la Marekani ilimuua Namir Noor-Eldeen, mpiga picha wa Reuters mwenye miaka 22, pamoja na mwenzake Saeed Chmagh, baada ya lenzi yake ndefu kudhaniwa ni silaha ya kurushia makombora. Ni kisa kizito, na kwa kikao cha wapiga picha kilistahili ukimya wa jioni nzima. Kilitumiwa kufunga mdomo wa mtu mmoja, kikaachwa.

Wenye msiba wao, askari na mpiga picha, walikuwa wanaitana kwa majina. Waliokuwa mbali ndio waliotukanana.

Kabla mwezi haujaisha vizuri likaja la Las Vegas. Usiku wa Oktoba 1 mtu mmoja alimimina risasi kutoka ghorofa ya hoteli juu ya umati uliokuwa kwenye tamasha la muziki. Aliua watu 58, na wengine wawili walikufa kwa majeraha miaka iliyofuata. Alikuwa amefunga kwenye bunduki zake kitako maalumu kinachofanya bunduki ya kufyatua risasi moja kwa kila mvuto iteme mfululizo karibu kama rashasha. Asubuhi dereva wa lori aliandika kwamba hajalala. Fundi mstaafu akaandika kuhusu rashasha. Mwalimu akamsahihisha: si rashasha. Akaeleza jinsi kitako kile kinavyotumia mrusho wa bunduki, kidole kinavyogongana na kifyatulio, na kwa nini asiyejua tofauti hiyo hana haki ya kuzungumzia sheria ya silaha. Aliambatanisha mchoro.

Nimwondolee lawama moja: tofauti aliyoieleza si upuuzi. Serikali ilipopiga marufuku vitako hivyo, kesi ilifika Mahakama ya Juu ya Marekani, na mwaka 2024 marufuku ilitenguliwa kwa hoja hiyohiyo ya namna kifyatulio kinavyofanya kazi. Mahakamani neno kama hilo lina mahali pake. Ila asubuhi ile maiti zilikuwa bado hazijatambuliwa zote, na mtu aliyeambiwa anyamaze kwanza alikuwa yule aliyesema hajalala, kwa kuwa aliunga mkono kosa la fundi.

Mama wa Bukavu akaandika sentensi moja, kwamba mlio wa bunduki ya namna yoyote ukiusikia ukiwa chini ya kitanda huulizi jina lake. Mwalimu akamjibu kwa adabu zote kwamba, kwa heshima, yeye hajui bunduki.

Hakujibu. Alitoka kundini mchana huo, na hakuna aliyegundua hadi wiki ya pili, mtu alipotaka kuikumbuka ile picha ya korongo.

Kundi likafa kifo cha makundi yote ya simu: halikufungwa, lilinyamaza tu. Mwaka 2018 tai wawili wenye vichwa vyeupe walijenga kiota katika bustani ya Carillon hapo Dayton, wakapewa majina Orv na Willa kwa kuwakumbuka ndugu Wright. Fundi mstaafu akafufua kundi kwa ajili yao, akaweka sharti juu kabisa: siasa marufuku, silaha marufuku. Sharti halikumaliza siku mbili. Tai wa aina hiyo yumo kwenye muhuri wa taifa la Marekani tangu 1782. Picha ya kwanza ilipowekwa, mtu akaandika jambo la kizalendo, mwingine akamkejeli, yakarudi yaleyale bila mtu kutaja chama wala bunduki.

Mama hakurudi kundini, lakini kwenye uzio wa bustani alikuwapo, na asubuhi moja dereva wa lori alikuwapo pia. Walisimama na lenzi zao wakimsubiri tai aruke. Mama alikuwa amesikia kwamba tai hufa kwa sumu ya risasi ingawa hapigwi: mwindaji humpasua kulungu porini na kuyaacha matumbo, vipande vidogo vya madini ya risasi hubaki humo, tai akala. Akamuuliza kama ni kweli.

"Kweli tupu," dereva akasema. "Kipande cha kiasi cha punje ya mchele kinamtosha. Mimi natumia risasi za shaba, miaka mingi sasa. Na matumbo nayafukia."

"Mbona hukulisema hilo kule kundini, mzee? Watu wote wa ndege walikuwepo."

"Hakuna aliyeniuliza ninatumia risasi gani. Waliniuliza niko upande gani."

Tai akageuza shingo, akatulia. Dereva akarekebisha stendi yake. "Tena shaba ni ghali," akasema.