Nani Aseme Kwamba Anakohoa?

Chukulia uko kwenye chumba cha dialisisi, Meru au Embu. Damu yako inapita kwenye mashine kwa saa nne, na utarudi tena wiki hii hii. Jirani yako ni yule yule wa wiki jana, na amekuwa akikohoa. Una haki ya kujua kama ana TB? Na yeye, ana wajibu wa kukwambia?

Wengi tungejibu haraka: bila shaka, aseme. Lakini jibu hilo linachukulia kwamba yeye mwenyewe anajua, na hata daktari anaweza asijue. Figo zikifeli, kinga ya mwili hushuka, kwa hivyo kifua kikuu humpata mtu kwa urahisi zaidi. Halafu dalili zinajificha. Uchovu, kukosa hamu ya chakula, kuhisi mgonjwa tu bila sababu: hayo yote figo pekee zinaweza kuleta. Kukonda je? Mizani inadanganya. Mgonjwa anaisha nyama huku maji yasiyotoka yakijaza pengo, na kilo zinabaki pale pale. Kipimo cha ngozi nacho kinaweza kusema hana kitu, kwa sababu kinga dhaifu haiitikii. Mara nyingine TB yenyewe haiko kwenye mapafu, iko kwenye tezi au tumboni. Hapo si rahisi imwambukize jirani, lakini pia hakuna makohozi ya kutia kwenye GeneXpert. (Na baridi ya Julai ikishuka kutoka mlimani, nani hakohoi?)

Sasa mfikirie anayeanza kujishuku. Mgonjwa mwingine wa TB tungemwambia akae kando nyumbani hadi dawa zianze kufanya kazi. Huyu hawezi. Akikosa mashine, maji yanaingia mapafuni na potasiamu inaweza kusimamisha moyo. Kwa hivyo kabla aseme "nakohoa," anajiuliza: kiti changu kitabaki? Hofu hiyo si ujinga. Mwaka wa 2010, wagonjwa wa TB walitiwa jela Kapsabet kwa kuacha dawa, na ilichukua hadi 2016 kwa Mahakama Kuu kusema kwamba kuwafunga jela kulikiuka Katiba.

Mimi naona kumdai mtu ukweli unaoweza kumgharimu uhai ni kumwonea. Wajibu wa kwanza ni wa anayekiendesha kile chumba. Kila mgonjwa aulizwe maswali yale yale kila anapopimwa uzani, ili swali lisisikike kama shutuma. Anayeshukiwa apewe barakoa, kiti karibu na dirisha lililo wazi na zamu ya mwisho ya siku. Asirudishwe nyumbani. Dawa za TB ni bure kwenye hospitali za serikali, na siku ya dialisisi zinaweza kumezwa mashine ikishazimwa, ili isizitoe mwilini.

Na wewe, jirani? Jina lake huna haki nalo. Una haki ya kuambiwa kwamba ulikuwa karibu na TB, kupimwa, na kupewa dawa ya kinga ikihitajika. Siri yake na usalama wako vinatoshea chumba kimoja, mradi kuna anayelipia muuguzi wa kubaki jioni.

Hiyo zamu ya mwisho bado ina shida yake. Mtu wa Maua au Siakago akitolewa kwenye mashine saa tatu usiku, atalala wapi?