Mtambo wa nyuklia, ziwa letu na amana ya mkaguzi

 

Ndugu msomaji, nilikwenda Goziba kwa darsa za siku tatu. Kwa ndugu zetu wa Dar es Salaam na Tanga wasiopafahamu, Goziba ni kisiwa cha wavuvi ndani ya Ziwa Victoria, wilaya ya Muleba, mkoa wa Kagera. Watu wake wanaishi kwa dagaa na sangara, na pale mwaloni utamkuta Mhaya, Mkerewe, Msukuma na Mjita wakigombea bei ya dagaa kwa Kiswahili kimoja. Usiku wa pili, baada ya swala ya Isha, mzee mmoja mvuvi alinishika mkono tukiwa bado tumekaa kwenye mkeka.

"Ustadhi mwanangu," alisema, "nimesikia redioni Wakenya wanataka kuweka mtambo wa nyuklia huko Siaya, kando ya ziwa hili hili. Wewe umesoma chuo kikuu. Siku ukiharibika, sisi huku tutaambiwa na nani?"

Nilimjibu, "Mzee wangu, nipe muda nikatazame." Nimetazama, na haya ninayoyaandika ni sehemu ya jibu lake.

Kwanza tuone hali ilivyo. Kenya imekuwa ikizungumzia mtambo wa kwanza wa nyuklia wa takriban megawati 1,000, ikilenga miaka ya 2030. Awali macho yalikuwa Uyombo, kaunti ya Kilifi, karibu na Watamu. Wananchi wa pale, wengi wao wavuvi na watu wa utalii, waliupinga mpango huo, na mwaka 2024 kukatokea makabiliano na polisi. Mwaka 2025 macho yakahamia Siaya, upande wa Ziwa Victoria. Uganda nayo imechagua Buyende, jirani na Ziwa Kyoga. Sisi Tanzania tuna urani Namtumbo, mkoani Ruvuma, ambako mwezi Julai 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mtambo wa majaribio wa kuchenjua madini hayo. Kwa hiyo anayedhani nyuklia ni habari ya Wazungu na Wajapani hajatazama ramani ya Afrika Mashariki siku za karibuni.

Sasa tazama ziwa lenyewe. Lina ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 68,800. Sehemu ya Kenya ni kama asilimia 6 tu. Tanzania ina karibu nusu yake, Uganda wana sehemu kubwa ya iliyobaki, na maji yake yanatokea Jinja kwenda Nile mpaka Sudan na Misri. Mtambo utawekwa kwenye ile asilimia 6, na leseni yake itatolewa Nairobi. Sangara hana pasipoti.

Kuna hadithi mashuhuri ya Mtume (s.a.w.), aliyoipokea Nu'man bin Bashir na ikanukuliwa na Imam Bukhari. Inaeleza watu waliopanda chombo kimoja wakapigiana kura, wengine wakapata sehemu ya juu na wengine ya chini. Wa chini walikuwa wakihitaji maji hupita kwa wa juu, mpaka wakaona wanawasumbua, wakafikiri watoboe tundu kwenye sehemu yao wenyewe. Mafundisho yake ni kuwa wa juu wakiwaachia, wote wanaangamia, na wakiwashika mikono, wote wanasalimika. Zingatia, ndugu msomaji, kwamba wale wa chini hawakuwa na nia mbaya hata kidogo. Walihitaji maji, jambo la halali, na walitaka kutoboa palipokuwa pao. Kenya inahitaji umeme, nalo ni jambo la halali, na Siaya ni ardhi yao.

Sisi watu wa Kagera hadithi hii hatuisomi kama watu wengine. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba, ikitokea Bukoba na Kemondo, ilipinduka ikiwa inakaribia Mwanza. Uwezo wake ulikuwa abiria 430. Orodha ya daraja la kwanza na la pili peke yake ilikuwa na majina 443, na daraja la tatu halikuwa na orodha. Waliokufa wanatajwa kuwa zaidi ya 800. Meli ilielea kwa saa kadhaa ikiwa imepinduka, ndani yake mkiwa na watu hai waliokuwa wakigonga bati. Waokoaji walitoboa tundu ili wawatoe, hewa iliyokuwa imeishikilia meli ikatoka, ikazama. Mimi nilikuwa mtoto mdogo, lakini nakumbuka mtaani kwetu hapakuwa na nyumba isiyokuwa na kilio.

Siku zile, na hadi leo, utawasikia watu wakisema: ilikuwa kadari. Ni kweli hakuna linalotokea nje ya kadari ya Allah (s.w.). Lakini Umar bin Khattab (r.a.) alipokuwa njiani kwenda Sham akapata habari za tauni, akaamua kurudi na watu wake. Abu Ubayda akamuuliza kama anaikimbia kadari ya Allah, na jibu la Umar likawa kwamba anaikimbia kadari ya Allah kuelekea kadari ya Allah. Kupakia watu kupita uwezo wa chombo, kisha ukasingizia kadari, ni utovu wa adabu kwa Mola. Kuna mtu alitakiwa kuhesabu vichwa pale gatini, na hakuhesabu.

Wanazuoni wetu hawakuliacha jambo hili kwenye mawaidha tu. Imam al-Mawardi, aliyefariki mwaka 1058, alipoandika juu ya hisba alieleza kuwa miongoni mwa kazi za muhtasib ni kuwazuia wenye vyombo wasipakie kupita kiasi pakiwa na hofu ya kuzama, na kuwazuia wasisafiri upepo unapokuwa mkali. Haya yaliandikwa karibu miaka 1,000 iliyopita! Na Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliingiza mkono ndani ya lundo la chakula sokoni akakuta chini pamelowa, akamkemea muuzaji aliyeficha ubovu. Hakuridhika na kutazama juu ya lundo.

Kukagua mtambo wa nyuklia ni kuingiza mkono ndani ya lundo. Mtambo huo huzalisha joto kwa kupasua viini vya urani, joto linachemsha maji, mvuke unazungusha mashine za umeme. Ukiuzima, haupoi mara moja kama jiko la mkaa lililomwagiwa maji. Mafuta yake huendelea kutoa joto kwa muda mrefu, na lazima maji yaendelee kupitishwa kuyapoza. Ndiyo maana mitambo hii hujengwa kando ya bahari, mto au ziwa. Ndiyo maana pia leseni yake si karatasi moja. Kuna kibali cha eneo, cha ujenzi, cha kuwasha na kuendesha, hadi cha kuufunga na kutunza mabaki yake, na kila hatua mkaguzi anatakiwa awe na uwezo wa kusema hapana na hapana yake ikaheshimiwa.

Uwezo huo wa kusema hapana ndio mgumu kupatikana. Japani si nchi maskini wala ya watu wavivu. Lakini taasisi yao ya kukagua mitambo ya nyuklia ilikuwa chini ya wizara ile ile iliyokuwa na kazi ya kuieneza nyuklia. Mwaka 2008 hesabu za kampuni iliyomiliki mtambo wa Fukushima zilionyesha kuwa wimbi la tsunami la zaidi ya mita 15 lingeweza kufika pale. Ukuta haukuinuliwa, na mkaguzi hakuwalazimisha. Tarehe 11 Machi 2011 likaja tetemeko, likafuatiwa na wimbi, umeme wa kupozea ukakatika, na vinu vitatu vikayeyuka ndani. Tume ya bunge lao iliyoongozwa na Kiyoshi Kurokawa ilisema mwaka 2012 kwamba balaa lile lilitengenezwa na watu. Mwaka huo huo ndipo wakaunda mamlaka mpya ya udhibiti iliyotengwa na wizara ile. Marekani walikuwa wamelitambua tatizo hilo mapema kidogo. Mwaka 1974 waliivunja tume yao ya atomiki kwa sababu ilikuwa mpigadebe na mkaguzi kwa wakati mmoja.

Na Chernobyl? Huko serikali ilikuwa mjenzi, mmiliki na mkaguzi. Mtambo ulilipuka usiku wa tarehe 26 Aprili 1986. Wakazi wa mji wa jirani, Pripyat, walianza kuhamishwa kesho yake mchana. Dunia ilipata habari tarehe 28, baada ya vipimo kwenye mtambo mmoja wa Sweden kugundua mionzi iliyosafiri na upepo. Mzee wangu wa Goziba, hilo ndilo swali lako. Waswidi waliambiwa na mashine yao wenyewe, si na jirani. Baada ya aibu ile, mwaka huo huo wa 1986, ukapitishwa mkataba wa kimataifa wa kupeana taarifa mapema ajali ya nyuklia inapotokea.

Je, sisi tumejipangaje? Kenya, kwa haki, sheria zake za mwaka 2019 zilitenganisha wakala wa kuendeleza nyuklia na mamlaka ya kuidhibiti. Hilo ni jema na tuwape haki yao. Kwetu Tanzania, Tume ya Nguvu za Atomiki yenye makao yake Arusha iliundwa kwa Sheria Na. 7 ya mwaka 2003, na sheria hiyo iliiweka kazi ya kudhibiti mionzi pamoja na kazi ya kuhamasisha matumizi ya nyuklia. Kwa kukagua mashine za eksirei hospitalini huenda mchanganyiko huo hauonekani kuwa na madhara. Lakini nchi inayochimba urani, inayopakana kwa maji na majirani wanaotaka vinu, ingefaa ilitazame upya jambo hilo kabla halijaleta dharura.

Sisemi haya kwa kuichukia elimu hii. Wagonjwa wetu wa saratani wanatibiwa kwa mionzi Bugando na Ocean Road. Mbung'o walitokomezwa Unguja, ikathibitishwa mwaka 1997, kwa kuachia madume waliohasiwa kwa mionzi, na ng'ombe wa wakulima wakapona. Hiyo ni neema. Anayewaambia Waislamu kuwa nyuklia ni haramu kwa sababu ilianza kwa bomu anapotosha.

Ninalolihofia zaidi ni bahasha. Mtume (s.a.w.) alimtuma mtu akusanye zaka, akarudi akisema hiki ni chenu na hiki nimezawadiwa. Mtume alikasirika, akapanda mimbari, akahoji kama mtu huyo angekaa nyumbani kwa baba yake na mama yake angeletewa zawadi hizo. Mkaguzi anayelipiwa nauli, hoteli na posho na kampuni anayoikagua ajiulize swali hilo kabla hajasaini. Na tusiwanyooshee vidole wakubwa peke yao. Baada ya msiba wa 1996 tuliunda mamlaka na kanuni, na bado tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere chenye uwezo wa watu 101 kilipinduka karibu na Ukara na kuua watu zaidi ya 220. Miaka 22 katikati, ziwa lile lile, kosa lile lile la kutohesabu.

Kwa hiyo, ndugu zangu wa mijini, mnaosoma na wenye sauti, kuna mambo ya kuuliza sasa, wakati hakuna hata tofali lililowekwa. Itifaki ya Bonde la Ziwa Victoria iliyosainiwa mwaka 2003 imetaja kanuni ya nchi kupeana taarifa mapema kuhusu miradi yenye athari kwa wengine, na kamisheni yake ipo Kisumu, si mbali na Siaya. Wabunge wetu wa kanda ya ziwa waiulize serikali: tathmini ya mazingira ya mtambo huo italetwa Bukoba, Musoma na Mwanza, kwa Kiswahili, au itaishia mezani Nairobi? Vipimo vya mionzi ya maji vitawekwa upande wetu, na nani atavisoma? Na tetemeko la tarehe 10 Septemba 2016 lililoangusha nyumba zetu hapa Kagera, lenye ukubwa wa 5.9, limo kwenye hesabu za wanaochagua maeneo kando ya ziwa hili? Maimamu nao waliseme kwenye khutba. Kulinda nafsi ni katika makusudio makuu ya sharia.

Nilimsimulia mzee baadhi ya haya asubuhi ya kuondoka. Alisikiliza mpaka mwisho, akauliza tu, "Hiyo mashine ya Waswidi ni bei gani?" Sikuwa na jibu.

Tulipofika mwaloni, boti ya kwenda bara ilikuwa imeshajaa magunia ya dagaa, na nahodha alikuwa akiongeza mengine. Abiria tulikuwa zaidi ya ishirini, maboya ya kuvaa niliyahesabu, yalikuwa sita. Mimi, mwalimu wa dini niliyekuwa nimetoka kuzungumza habari za hisba, nilinyamaza kwa kuwa nilikuwa na haraka ya kurudi kazini. Mzee akaingia majini mpaka magotini, akashika ubavu wa boti, akamwambia nahodha ashushe magunia manne na alete maboya mengine, la sivyo hataachia. Nahodha alinuna. Kisha akashusha.